Ukuta Unaliwa na Chumvi, Tailizi Inalia Tupu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubandua

Simu nyingi ninazopigiwa huanza vilevile: "Fundi, rangi imebanduka, njoo unipe bei ya kupaka upya." Kutaja bei si kazi. Kazi ni kumweleza mwenye nyumba kwamba rangi haina kosa. Rangi, tailizi, terazo, niru (saruji laini inayong'arishwa juu ya sakafu), jiwe la kaunta, vyote hivyo ni nguo ya juu tu. Mwili ukiwa na jipu, nguo ndiyo itakayoonyesha doa.

Kwa hiyo kabla sijatoka nyumbani kwangu Tabata huuliza mambo matatu: tatizo limeanza msimu gani, liko urefu gani kutoka sakafuni, na upande wa pili wa ukuta huo kuna nini. Mtu akinijibu vizuri, nusu ya jibu huwa nimeshaipata nikiwa bado kwenye daladala.

Ukuta unatoa unga mweupe na rangi inavimba

Huu ndio ugonjwa mkuu wa Dar es Salaam, na ndio nitakaokaa nao sana. Dalili zake unazijua: chini ya ukuta, kuanzia skatingi hadi magotini au kiunoni, rangi inafanya malengelenge. Ukiyapasua kwa kucha, ndani kuna unga mweupe unaong'aa kidogo. Baada ya muda plasta yenyewe inalainika, unaisukuma kwa kidole inamwagika kama sukari guru iliyochakaa.

Unga huo ni chumvi. Ardhi ina maji, tofali la saruji lina vitundu vidogo, na maji yanapanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Yakipanda yanabeba chumvi iliyomo ardhini, kwenye mchanga na kwenye saruji. Yakifika usoni pa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Inapoganda kuwa chembe nyuma ya rangi inahitaji nafasi, na nafasi hiyo inaipata kwa kuisukuma rangi nje.

Chumvi nyingine tumeiweka wenyewe. Mchanga uliochotwa karibu na bahari bila kuoshwa, au saruji iliyokorogwa kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja unatema, ni chumvi uliyoinunua na kuijenga ndani ya nyumba. Hapo hata msingi ukiwa mzuri, ukuta utatoa unga.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu hadi wanamsingizia jirani kwamba bomba lake linavuja. Asubuhi ukuta umelowa, una madoa meusi. Saa nane mchana umekauka, una weupe. Mvua haijanyesha wiki tatu. Hapo hakuna bomba. Chumvi ya kawaida, ileile ya jikoni, unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75 huvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka. Sasa fikiria asubuhi za mji huu, ambapo hata chumvi ya mezani hailegei ikatoka kwenye kichupa mpaka uichanganye na punje za mchele. Ukuta wenye chumvi ni kichupa hichohicho kikubwa. Ndiyo maana hata ukishaziba maji ya chini, ukuta unaweza kuendelea kulowa: chumvi iliyobaki ndani inajitafutia maji yake.

Kujua maji yanatoka wapi, fanya hivi. Chukua kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa gundi ya karatasi (masking tepu) pande zote nne, hewa isiingie. Kiache mchana mmoja na usiku mmoja. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaogonga ukuta wa baridi, na hilo utaliona zaidi chumba chenye kiyoyozi. Jaribio hilohilo hufanya kazi sakafuni kabla ya kuweka kitu chochote cha kubandika.

Kisha angalia umbo la doa. Mstari ulionyooka unaotembea ukuta mzima chini ni maji ya ardhini. Doa la duara kwenye urefu wa bomba, na nyuma yake kuna bafu, ni bomba au tailizi za bafuni zilizofunguka viungo. Doa la juu lenye pete za rangi ya chai linatoka paani, na huonekana masika, Machi hadi Mei, kisha linanyamaza mpaka vuli. Watu hulipaka rangi wakati limenyamaza, wakadhani limepona.

Kosa ninalokutana nalo kila mwezi ni kuuficha ukuta. Kuna nyumba Mikocheni ambayo mwenyewe alichoka kupaka rangi, fundi mmoja akamshauri apandishe tailizi hadi usawa wa dirisha. Ilipendeza, sikatai. Masika mawili baadaye mstari wa unyevu ukatokea juu ya tailizi, usawa wa kifua, mahali ambapo haukuwahi kufika. Maji hayakufa, yalihama. Zamani yalikuwa yanakaukia magotini. Alipoyazibia njia hapo yakapanda mpaka yakapata pa kutokea. Rangi ya mafuta, mbao za plastiki zenye sura ya marumaru na karatasi za ukutani hufanya vivyo hivyo.

Dawa yenyewe ni kazi ya vumbi. Kwanza piga burashi kavu, ukusanye unga, uutupe nje. Usioshe kwa maji, maana utairudisha chumvi ndani ikasubiri zamu nyingine. Halafu bandua plasta yote iliyoathirika hadi tofali lionekane, na upite nusu mita juu ya mstari wa unyevu, kwa sababu chumvi huwa imeshatangulia mbele ya macho yako. Acha ukuta wazi ukauke wiki kadhaa, ikiwezekana kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, jua likiwa kali. Plasta mpya ikorogwe kwa mchanga wa mto uliooshwa na maji matamu. Kama chini ya ukuta hakuna kizuizi cha maji, yaani ile nailoni au tabaka linalotandazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali, mafundi wanaojua hutoboa matundu mfululizo chini na kuingiza dawa ya kuzuia maji. Ni gharama. Lakini ukipaka rangi kila mwaka, nayo ni gharama, na haina mwisho.

Asiye na uwezo wa kutoboa humshauri apake chokaa badala ya rangi nzito. Chokaa inaacha ukuta upumue, maji yanatoka bila kupasua kitu, na ikichujuka unarudishia kwa bei ya soda chache. Wazee wa mwambao walijenga hivyo. Pale magofu ya Kunduchi makaburi ya nguzo yalisimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tena yakapambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China yaliyopachikwa humo humo.

Tailizi inalia tupu, inapasuka au imenyanyuka

Toa sarafu ya shilingi mia mbili, piga kila tailizi katikati na kwenye pembe nne. Iliyoshika vizuri inatoa sauti fupi, kavu. Tupu inajibu kama mlango wa kabati. Weka alama ya chaki kwenye kila tupu, kisha simama utazame chumba kizima, maana mpangilio wa alama ndio unaosema.

Ikiwa pembe zinalia na katikati panashika, fundi aliweka udongo (saruji na mchanga uliokorogwa) kwa matone: tone moja katikati, manne pembeni, akagonga na kuendelea. Tunapokuwa na haraka tunaita hiyo spidi. Udongo au gundi inatakiwa ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa tailizi sehemu kavu na asilimia 95 sehemu za maji. Ukiacha mfuko wa hewa bafuni, maji yanajaa humo, na mguu wa friji ukikaa juu ya mfuko wa hewa jikoni, tailizi inakatika kama biskuti.

Ikiwa tailizi nzimanzima zinatoka safi, mgongo mweupe, udongo wote umebaki sakafuni, hilo ni tatizo lingine kabisa. Uliza zilikuwa tailizi gani. Zile za kawaida za udongo wa kuchoma tulizizoea: unaziloweka kwenye ndoo, zinanywa maji, unazilaza kwenye udongo wa saruji, zinashika. Hizi za poseleni zilizojaa maduka ya Kariakoo, ngumu na zenye mng'ao wa kioo, hazinywi maji: kwa kipimo cha kimataifa haziruhusiwi kuvuka asilimia 0.5 ya uzito wake. Saruji tupu inashika kwa kuingia kwenye vitundu, na hapa vitundu havipo. Ziloweke hata usiku kucha, hazitabadilika. Zinahitaji gundi yake ya mfuko, iliyotiwa kemikali ya kunata, na ipakwe kwa mwiko wa meno. Nimeona mtu amenunua tailizi za gharama, akabana pesa kwenye gundi, halafu akanilaumu mimi niliyeitwa kuokota.

Tailizi zikinyanyuka katikati ya chumba kama hema, mara nyingi kwa mlio mkubwa unaowaamsha watu usiku, sababu ni kubanana. Sakafu inatanuka na kusinyaa. Tailizi zilizobanwa ukuta kwa ukuta bila nafasi hazina pa kwenda ila juu. Fasheni ya sasa ya kutaka viungo visionekane ndiyo imelileta hili kwa wingi. Acha milimita 2 hadi 3 kati ya tailizi, na nafasi ya milimita 5 hadi 10 pembeni mwa chumba bila kuijaza saruji. Skatingi itaifunika, hakuna mgeni atakayeiona. Kwa zilizokwisha kunyanyuka, usizigonge zirudi chini. Toa mstari mzima, kata nafasi ya pembeni kwanza, ndipo uweke upya.

Grauti, yaani kijazio cha viungo vya tailizi, ikiwa nyeusi bafuni ni kuvu, na kuvu ni suala la hewa kabla ya kuwa suala la sabuni. Grauti inayotoka unga ilikorogwa na maji mengi, au imeliwa na asidi ya kusafishia choo. Hayo mawili yaishie hapo.

Mng'ao umekufa, au kuna doa lisilotoka

Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Dar es Salaam ukisema marumaru, mmoja anaelewa tailizi za dukani, mwingine anaelewa jiwe lenyewe lililochimbwa na kusuguliwa. Tofauti hiyo ilinigharimu nikiwa bado saidia fundi.

Tulikuwa Upanga, nyumba ya zamani yenye sakafu ya terazo. Tulikuwa tumemaliza bafu, fundi wangu akaniambia, "Dogo, safisha marumaru kwa asidi, tunaondoka." Akimaanisha tailizi za bafuni, ambazo asidi kidogo ya kuondolea saruji inazifaa. Mimi nikaona sebule ina mabaki ya saruji, nikamimina na huko. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Akatazama, akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, mbona sakafu inachemka?"

Ilikuwa inachemka kweli, povu dogo dogo kama soda. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, na marumaru ni kalsiti, madini ya jamii ya chokaa: ikikutana na asidi inayeyuka na kutoa hewa ukaa. Nilipomwaga maji, mahali palipokuwa na mng'ao pakabaki na uso wa chaki. Fundi alisaga sebule nzima upya kwa pesa yake, na mshahara wangu wa wiki mbili ukaenda na maji machafu.

Kwa hiyo kabla hujasafisha chochote kinachong'aa, jua ni nini. Tafuta kona isiyoonekana, nyuma ya kabati, dondosha tone la ndimu, subiri dakika moja, ufute. Pakififia, una marumaru ya jiwe au terazo. Ndimu, siki, ukwaju, soda na dawa za chooni ni adui. Osha kwa sabuni laini na maji tu. Pasipofifia, una tailizi au graniti.

Doa lililofifia namna hiyo si uchafu, ni kidonda. Kulisugua kwa sabuni ni kupoteza siku. Linasagwa kwa mawe ya kusugulia, kuanzia makali kwenda laini, na mwisho linang'arishwa. Fundi terazo wengi humalizia kwa unga wa asidi ya oksaliki. Inafanya kazi, lakini ni sumu: glavu, barakoa, na watoto wasikaribie mpaka pasuuzwe.

Lakini kama mng'ao umekufa kwenye njia za miguu tu, kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, na pembeni bado unajiona sura, mchawi wako ni mchanga. Mchanga ni kwatzi, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Marumaru ni 3, kioo ni kama 5 na nusu. Kila kiatu kinachotoka kwenye barabara ya vumbi ni msasa. Zulia la mlangoni, moja nje na moja ndani, litaokoa sakafu kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Na kufagia kuje kabla ya kudeki, siku zote. Tambara lililolowa juu ya mchanga ndilo linalosaga kuliko kiatu.

Tailizi mpya ya poseleni yenye ukungu usiofutika huwa na mambo mawili: nta ya kiwandani iliyowekwa kuilinda safarini, au utando wa grauti. Nta inatoka kwa maji moto na sabuni ya vyombo, utando unatoka kwa dawa yake ya asidi. Anza na maji moto.

Kaunta ya graniti ina weusi kuzunguka sinki

Graniti inahimili ndimu, lakini ina vinyweleo. Mwagia kijiko cha maji, subiri dakika kumi, ufute. Pakibaki pameiva kwa weusi, jiwe linakunywa, na mafuta ya vitumbua yataingia kama maji yalivyoingia. Liache likauke siku mbili tatu bila kutumia sinki, kisha lipake dawa ya kuziba vinyweleo vya mawe, na silikoni ya pembeni mwa sinki ibadilishwe, maana huwa ndiyo iliyofungua mlango. Doa la mafuta lililokwishaingia hutolewa kwa kulivuta: koroga unga mweupe mkavu kama unga wa chaki au udongo wa kaolini na petroli nyeupe (white spirit, ile ya kuyeyushia rangi) au asetoni, paka unene wa kidole, funika kwa nailoni, acha usiku mzima, mbali na jiko na moto wowote. Rudia hadi mara tatu.

Jiwe jeusi sana la bei ya chini lijaribu kabla hujalipa. Tia asetoni kwenye kitambaa cheupe, sugua. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limepakwa rangi. Muuzaji atakwambia ni vumbi. Sugua tena palepale.

Niru imepasuka kama tope lililokauka

Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zisizoingia hata kucha, zinatokana na uso kukauka haraka kuliko tumbo. Fundi alinyunyiza saruji kavu juu ya sakafu yenye maji ili amalize mapema, akaikandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa, akaondoka. Kesho yake hakuna aliyemwagia maji. Niru inataka kufunikwa na kuloweshwa siku 7, na feni isiwashwe. Nyufa hizo hazihatarishi kitu, ila zinashika uchafu. Nta ya sakafu inatosha.

Ufa unaoingiza ncha ya kisu na unaotembea kutoka ukuta hadi ukuta si wa niru. Jamvi, yaani zege la sakafu, limeshuka, kwa kawaida kwa sababu kifusi hakikushindiliwa. Chora mstari wa penseli kukatisha ufa, andika tarehe, rudi baada ya miezi mitatu. Mstari ukiwa umeachana, mwite fundi wa msingi, mimi usiniite.

Skimu inabanduka kama karatasi

Bandika gundi ya karatasi ukutani, ivute ghafla. Ikija na rangi tu, ukuta haukupata praima (koti la kwanza la kushikisha rangi) au ulikuwa na vumbi. Ikija na skimu nyeupe, yaani lile tabaka jembamba la kulainisha plasta, jaribu kwa maji: lowesha kipande kwenye kikombe. Kikilainika kama uji, ni jipsamu, na jipsamu haitakiwi bafuni wala ukuta wa nje. Huko skimu iwe ya saruji nyeupe.

Rangi ya mafuta inayonata miezi baada ya kupakwa, hasa kwenye nyumba mpya, imepakwa juu ya plasta mbichi. Saruji mbichi ni kali kama magadi, inaigeuza mafuta kuwa sabuni. Ikwangue yote, hata ile inayoonekana nzima, uiache plasta ifikishe mwezi tangu ilipopigwa, upake praima ya kuhimili saruji. Mteja mmoja wa Kigamboni aliniuliza kama anaweza kupaka koti jingine juu ya hilo linalonata, kwa sababu mahari ya binti yake ilikuwa inaletwa Jumamosi. Nikamwambia apige pazia.